Sifa za Sasheti

Wafugaji wa milimani huku kwetu humsifu ng'ombe kwa jina lake, kwa pembe zake na kwa mama aliyemzaa. Wavuvi wa hapa Baraka, mji wa Fizi kando ya ziwa, mashariki mwa Kongo, humsifu mukeke hata kabla hajatoka majini. Mwanasiasa ana wimbo wake, tena wa spika mbili juu ya gari. Lakini sijasikia mtu aliyesimama mbele za watu akaisifu sasheti. Leo nasimama mimi.

Nasema ile nyeusi, nyembamba, yenye mikono miwili, ambayo mama wa sokoni anakufungia ndani yake ndagala, yaani dagaa, bila kukuuliza kama unaitaka. Watanzania waliiita rambo, Wakenya juala, na wapo Wakenya wengine ambao, sijui kwa unabii gani, huiita karatasi. Ndiyo hiyo. Ikishamaliza kazi ya ndagala huoshwa, huanikwa kwenye kamba pembeni ya vikwembe, halafu hupandishwa cheo: hutiwa ndani yake uraia wa mtu.

Nilipata heshima ya kuona moja ikifunguliwa. Mwenyewe ni koko mmoja, mzee mwenye wajukuu, wa Bibokoboko kule milimani, mmoja wa wale walioteremka Baraka Oktoba 2021 vijiji vyao vilipochomwa moto. Alikuwa akitafuta karatasi ya mjukuu, ya shule. Sasheti ya kwanza ilikuwa na fundo, akalifungua kwa meno. Ndani yake mlikuwa na ya pili, nayo ina fundo. Ndani ya ya pili mlikuwa na ya tatu, ya buluu, imebanwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ndipo vikaanza kutoka, kimoja kimoja, kama watoto wanaoitwa kusalimia mgeni: kadi ya mpiga kura ya 2005, dada yake wa 2011, mwingine wa 2017, kitinda mimba wa 2023. Cheti cha ubatizo. Karatasi ya shefu wa kijiji yenye muhuri uliotanuka kwa maji hadi ukafanana na ua. Kadi ya chanjo ya mtoto ambaye sasa yeye mwenyewe ana watoto. Na mwisho kabisa, hati ya kupoteza hati.

Hii ya mwisho inahitaji kuelezwa kidogo. Kongo, mtu akipoteza kitambulisho huenda ofisini akapewa karatasi inayothibitisha kwamba hana kitambulisho. Ili apewe, lazima athibitishe yeye ni nani. Athibitishe kwa nini? Kwa kitambulisho. Waliofaulu mtihani huo huitunza karatasi hiyo kuliko ile waliyoipoteza, kwa sababu ndiyo inayoeleza maisha yao kwa ukweli zaidi. Koko aliikunjua akaipangusa kwa kiganja, akairudisha chini kabisa, mahali pa heshima. Chumba chote kikanuka ndagala.

Msomaji wa mbali atauliza, kadi ya kupigia kura ya nini mtu kuitunza miaka 20, tena waliochaguliwa kwayo wengine wamekwisha kusahaulika? Ndugu yangu, hiyo ndiyo kitambulisho. Nchi hii haijahesabu watu wake tangu 1984. Kadi ya taifa ilikuwa hadithi ya wazee wa zamani za Zaire, kwa hiyo ile ya kura ndiyo tunayofungulia akaunti, tunayochukulia fedha za simu, tunayopitia bariera za barabarani. Tarehe 30 Juni 2023 rais alizindua kadi mpya ya taifa kwa shangwe; mwaka uliofuata mkataba wa kuitengeneza ukavunjwa. Na zile kadi za kura za 2023 zilifanya muujiza wao: wino ulianza kufifia usoni mwa wenyewe kabla hata ya kura ya Desemba, mpaka tume ya uchaguzi ikalazimika kutoa nakala nyingine. Watu walibaki na plastiki nyeupe isiyo na uso. Katika mkoba wote huo, kitu pekee ambacho rangi yake haikutoka ni sasheti.

Inao wapinzani, nitawataja kwa haki.

Wa kwanza ni sanduku la nyumbani. Watu wenye busara, watu wa mipango, waliweka karatasi zao katika sanduku la bati lenye kufuli, chini ya kitanda, wakasema hapa pametulia. Moto ulipofika Bibokoboko sanduku liligeuka tanuru. Kufuli lilibaki zima. Ukiwa na sanduku unachagua: ukimbie na mtoto au ukimbie na sanduku. Sasheti haijawahi kumletea mama swali hilo; imo kiunoni tayari, chini ya kikwembe, tangu jana usiku mbwa walipoanza kubweka.

Mpinzani wa pili ni kijana wa kisasa, simu. Mjukuu wa koko, mwanafunzi, alipiga picha kadi yake akaiacha nyumbani. "Koko, siku hizi kila kitu kiko ndani ya telefoni." Akapanda pikipiki. Kwenye bariera alisimamishwa, akatoa simu, akakuza picha kwa vidole viwili, akaonyesha. Mwenye bunduki akaitazama kwa makini, maana si mtu mjinga.

"Hii ni picha. Karte yenyewe iko wapi?"

"Imebakia nyumbani, shefu."

"Basi na wewe ungebakia nyumbani, utume picha."

Alilipa. Na alishukuru Mungu kwamba alilipa franga tu, kwa sababu kuna bariera ambazo simu ikitolewa mfukoni kuonyesha karatasi hubadilisha mwenyewe papo hapo. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji na wenzao walihesabu bariera za Kivu mbili, Kaskazini na Kusini, wakapata 798. Hebu fikiria simu inayopaswa kutolewa mfukoni mara zote hizo na kurudi kwa bwana yuleyule. Bado sijataja moto wa kuchajisha wala rezo ya mtandao, ambayo milimani hupatikana juu ya jiwe fulani, upande fulani, kama mvua haijanyesha. Sasheti haitafuti rezo. Na sijasikia bariera iliyomnyang'anya mtu sasheti yenye harufu ya ndagala.

Mfuko wa suruali sitaujadili. Jasho tu linautosha.

Ubora mkubwa wa sasheti uko katika subira yake mbele ya sheria. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya 1981 ikafuta, ikasema mababu wawe walikuwapo tarehe 1 Agosti 1885. Ile ya 2004 ikarudi kwenye uhuru, 30 Juni 1960. Kwa hiyo Munyamulenge mmoja, mfugaji wa milima yetu anayehesabiwa kuwa wa asili hiyo, katika maisha yake mwenyewe na bila kuhama kijiji, alidaiwa ushahidi wa tarehe tatu tofauti. Nani ana karatasi ya 1885? Mwaka huo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alijitangazia nchi hii kuwa yake, naye hakuikanyaga hata siku moja mpaka anakufa; akija leo hapa Baraka, bariera ya kwanza tu ingemshinda. Sheria zilipita juu ya sasheti kama mawingu. Ilipokea karatasi ya 1972 haikucheka, ilipokea ya 2004 haikusema nilijua.

Wala si ya kabila moja. Wabembe wa hapa Fizi waliovuka ziwa 1996 wakakaa kambi za Lugufu na Nyarugusu, Tanzania, walipoanza kurudi kuanzia 2005, kwa meli kutoka Kigoma hadi hapa Baraka, walishuka kila mmoja na yake, kadi ya mgao ikiwa juu kabisa. Wakaambiwa Kiswahili chao kimekuwa cha Kitanzania, waonyeshe wao ni wa wapi. Wakafungua fundo. Warundi waliokuja 2015 wakapelekwa kambi ya Lusenda, na baadaye Mulongwe, nao hawaendi sokoni bila karatasi ya ukimbizi. Ukitaka kujua yupi mwenyeji na yupi mgeni katika gari la kwenda Uvira, usitazame sasheti. Zote ni nyeusi.

Kejeli ya historia nayo niiseme. Mgeni maarufu kuliko wote waliowahi kushuka pwani ya Fizi alikuja na karatasi safi mno. Alivuka kutoka Kigoma Aprili 1965, akashukia Kibamba, mwenye pasipoti yenye jina Ramón Benítez. Picha ilifanana, miwani ilifanana, kila kitu kilifanana isipokuwa kwamba Ramón Benítez hakuwapo duniani. Aliyeshuka alikuwa Che Guevara, na huku porini wakamwita Tatu. Karatasi kamili, mtu wa uongo. Koko wa Bibokoboko ni mtu wa kweli na karatasi zake zimefifia wino. Nawaachia wataalamu wa uhamiaji walitatue.

Ukoo wa sasheti pia si mdogo. Babu yake ni kile kisanduku cha chuma ambacho Waafrika wa Kenya walivishwa shingoni miaka ya 1920, ndani yake kipande chenye alama za vidole na jina la mwajiri. Chuma kilikuwa kizito na kilimlia kengele mwenye nacho. Ona maendeleo: leo sasheti tunaibeba wenyewe, kwa hiari, na haina uzito wowote.

Ulaya na Marekani wanakoishi ndugu zetu nako mambo yanachekesha. Uingereza iliwaambia wahamiaji kwamba kadi zao za ukaazi zitakwisha mwishoni mwa 2024, tangu hapo hadhi yao iko mtandaoni. Binamu yangu alinipigia usiku akilia. "Sasa nitashika nini?" Yule wa Marekani ana shida ya kinyume: sheria inamtaka mwenye ukaazi wa kudumu aliyefikisha miaka 18 atembee na kadi yake kila mahali, na akiipoteza kuipata nyingine ni zaidi ya dola 400. Akiibeba anaogopa kuipoteza, akiiacha anaogopa kukamatwa. Nilimuuliza ameihifadhi wapi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema alikuwa ametoka na sasheti mbili kutoka kambini na moja bado iko.

Wapo watakaonisuta. Watasema sasheti inaziba mitaro, mvua ikinyesha mji unaogelea. Watasema ng'ombe akiimeza anakufa, na mimi mwenyewe nimeanza kwa kutaja ng'ombe. Nakubali yote. Lakini tunawasifu viongozi kila siku, na hatujaanza kuwapima kwa mitaro.

Kosa lake la kweli ni lingine, na ndilo linalonifanya niipende zaidi. Sasheti haina karatasi. Rwanda iliifukuza 2008. Kenya ikaifukuza Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019, Burundi ikaiandikia amri ya kuondoka 2018. Hata hapa Kongo kuna amri ya tarehe 30 Desemba 2017 inayokataza kuitengeneza, kuiingiza, kuiuza na kuitumia. Imezungukwa. Kati ya nchi hizo hakuna inayoweza kuipokea kihalali, na hapa ilipo inaishi kwa kutoonekana na wakubwa. Mwenye karatasi zilizotimia akifika mpaka wa ng'ambo huambiwa: wewe pita, hiyo mifuko acha. Na mtu anabaki amesimama, karatasi zote mkononi, akitafuta pa kuzitia. Ndiyo, mkimbizi wa mwisho katika kanda yetu ndiye anayebeba vitambulisho vya wengine wote.

Wiki mbili zilizopita tulipanda gari moja, mimi na koko. Kwenye bariera mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa, yale yanayorusha vumbi kabla ya kulilowesha. Kijana mwenye silaha akafungua mlango.

"Koko, karte."

"Iko, mwanangu. Ngoja nifungue."

Fundo la kwanza. Fundo la pili. Mpira wa baiskeli. Gari zima lilingoja, dereva akazima injini. Kijana akasimama mvuani akiangalia vidole vya koko, bunduki begani, na daftari lake la kuandika majina likiwa limeanza kuvimba pembeni. Akapewa kadi ya 2023, akaitazama, akaigeuza, akaisogeza jichoni, hakuona kitu. Koko akampa ya 2017. Akasoma jina, akamtazama usoni, akarudisha zote mbili.

Hakuondoka. Aliinama tena dirishani, akashusha sauti.

"Koko, hauna sasheti ingine?"

Koko alivua ile ya juu kabisa, akaikung'uta, akampa. Kijana akaijaza upepo kwanza aone kama imetoboka, akaingiza daftari, akafunga fundo. Kisha akachomoa kwenye mfuko wa kifuani kadi yake mwenyewe, imelowa, akafungua fundo upya.