Kope la Shangazi Wiki ya Arusi

Shangazi alishuka botini Malindi, Unguja, akiwa hoi kwa mawimbi. Jambo asilotuambia ni kwamba kabla ya kuvuka kutoka Dar alipitia kliniki akachomwa Botox, sindano za kupunguza mikunjo, kwenye paji la uso na katikati ya nyusi, ili arusi ya dada yangu imkute na uso laini. Ndani ya mkoba mlikuwa na karatasi ya masharti: asilale kwa saa 4, asisugue uso, na kwa siku nzima ajiepushe na mvuke, joto kali na kazi nzito.

Nyumba haikujua, ikaanza kumhudumia. Mama alimpokea mizigo: "Wifi, jilaze kidogo." Akakataa. Akaandaliwa kitanda, akakataa tena, akabaki kitini, na minong'ono ikaanza kwamba Dar imembadilisha. Aliposema kichwa kinamgonga, jambo la kawaida baada ya sindano hizo, Bibi alileta mafuta ya karafuu na kuanza kumkanda paji la uso. Shangazi akamshika mkono mamake, akauteremsha taratibu. Bibi alinyamaza, lakini tulimwona kaumia.

Usiku somo wa bi arusi alikuja na singo ya kumsugua: mawaridi, asumini, mlangilangi na liwa. Baada ya bi arusi, zamu ikafika kwa shangazi mtu. Kukataa tena kungekuwa matusi. Akatoa mashavu, na vidole vya somo, hodari kwa kazi yake, vikapanda mpaka kwenye nyusi.

Dawa ile ya sindano huzuia neva kuuamuru msuli ujikaze. Huanza kuonekana baada ya siku 3 au 4, hukamilika kwenye siku ya 14 na kudumu miezi 3 hadi 4. Ikifika kwenye msuli unaoinua kope, nao hulegea.

Siku ya kupokea begi la zawadi za bi arusi, kope la kushoto la Shangazi likaanguka. "Kiharusi!" Bibi alipiga ukelele. Mmoja akasema ni jicho la hasidi, mwingine akataka kumpa aspirini, na Ami akakimbilia teksi huku wageni wakiwa mlangoni na sinia zao.

Hospitalini daktari alimwambia atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi nzima. Mdomo haukupinda, mikono ilikuwa sawa, maneno yalitoka vizuri. Kisha akauliza: umetumia dawa gani karibuni? Shangazi alimtazama Bibi, akafungua mkoba, akatoa karatasi.

Daktari alieleza kwamba kope litapanda lenyewe baada ya wiki kadhaa. Huenda sindano iliingia chini mno, huenda dawa ilisogezwa na kukandwa. Hakuna awezaye kuapa. Aliloapa ni kwamba siri ile ingemfanya atibiwe ugonjwa asiokuwa nao. Akaongeza kwamba mtu akishindwa kumeza, kusema au kupumua baada ya sindano hizo, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Bibi alilia. "Mwanangu, ungeniambia, nani angekugusa mbele yangu?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Kwetu mgonjwa haugui peke yake: yuko wa kumkanda, wa kumfukiza, wa kumlaza. Ukarimu huo ni mali kubwa, lakini hauwezi kufuata masharti usiyoyajua. Mwanamke ana haki ya kuupenda uso wake bila kuomba radhi, na nyumba nzima haihitaji kuambiwa. Anatosha mtu mmoja mwenye sauti, asomewe karatasi, asimame kati ya mwanamke huyo na mikono ya wapendwa. Na kama kuna arusi, sindano zitangulie kwa mwezi mzima au zaidi, ili likitokea la kutokea liwe na muda wa kupita.

Siku ya arusi Shangazi alikaa ukumbini jicho moja likiwa nusu, Bibi ubavuni pake. Aliyeuliza alijibiwa na Bibi mwenyewe: "Ni dawa, inaisha. Karibu pilau."