Sifa za Pikapu Isiyovuta

Washairi wamekwisha kuwasifu farasi kwa mbio zao na majahazi kwa matanga yake, ilhali pikapu kuukuu ambayo bwana wake ameitengeneza kwa mkono wake mwenyewe uani mwa nyumba, na ambayo tangu siku hiyo hukanyagwa moto hata kanyagio likagusa sakafu, nayo isiongeze kitu ila ngurumo, haijabahatika kumpata msemaji. Dhuluma hiyo na ikome leo.

Chukua Peugeot 404 ya mizigo. Hilo ni gari la nasaba: ndugu zake wa kubeba abiria walitwaa ushindi wa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Aliyerithi chombo chenye sharafu kama hiyo angestahili kutakabari. Lakini baada ya kutia plagi na pointi mpya na kuiosha kabureta, akaondoka Mombo alfajiri kuupanda mlima wa Lushoto, akapitwa na basi, akapitwa na lori la mbao, akapitwa na trekta, takaburi yote humtoka bila ya kusomewa mawaidha. Wenye magari mepesi hupita Soni njiani wasiyaone maporomoko yake ya maji. Yeye huyatazama hata akakinai.

Hata hivyo, fadhila ya pikapu hii iliyo kuu ni insafu. Maradhi mengine ya gari huja kwa kudura, kama jiwe lipasualo kioo. Bali uzito huu uzukao baada ya matengenezo ya nyumbani huhukumu mfano wa kadhi mwadilifu, ambaye hamwiti barazani ila yule aliyekuwapo. Juzi gari lilivuta, leo halivuti: baina ya siku hizo mbili ilipita spana ya nani? Mwenye gari, baada ya kuilaumu kwanza petroli ya kituoni (maana huanzia hapo daima), hana budi kuzifuata nyayo za vidole vyake. Alipoifungua distribyuta, je, aliirudisha pale pale, au aliizungusha kidogo, ikawa cheche hutoka pistoni imekwisha kuanza kushuka, na nguvu ya mwako ikapotelea katika joto na ekzosi? Kile kimpira chembamba kitokacho kwenye kabureta kwenda kuiwahisha cheche kimo mahali pake, au kinaning'inia? Na pampu ndogo ya kabureta, iliyovuliwa ili ioshwe, ilirudi na ngozi yake nzima? Hiyo huulizwa injini ikiwa imezimwa na baridi: huondolewa kifuniko cha hewa, hutazamwa kinywani mwa kabureta, kisha mkono wake huvutwa ghafula; mchirizi wa petroli usiporuka papo hapo, shahidi amepatikana.

Lakini shahidi nimpendaye mimi kuliko wote ni mkeka. Mtu hutafuta kutwa nzima, huirudia nafasi ya pointi kwa kipimo cha bati, huazima taa ya kupimia moto, mpaka jirani asiyejua gari aambiwe akae ndani akanyage kanyagio mpaka mwisho, naye bwana achungulie kabureta. Ndipo huonekana kipepeo chake cha ndani kimefunguka nusu tu, kwa kuwa mkeka mpya mnene, uliotandikwa kwa ajili ya kuipamba kazi, umelizuia kanyagio. Na mkeka usipokuwa na kosa, gurudumu lililoinuliwa kwa jeki nalo likikataa kuzungushwa kwa mkono, gia ikiwa huru, injini haina hatia. Breki zimekazwa kupita kiasi.

Basi enyi wenye magari mapya, mkiikuta pikapu hiyo mbele yenu katika kona za Soni, msiipigie honi. Dereva wake anaisikiliza injini, na makelele yenu yanampotezea hesabu.