Sifa za Elfu Nne ya Watoto

Kahawa ya Mbinga ina wasemaji wa kutosha. Ina AMCOS, ina mnada, ina wabunge wa kuitetea Dodoma, na msimu ukikubali hata mlevi wa kilabuni huitungia wimbo. Dagaa wa Nyasa hali kadhalika: kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay hukosi mtu wa kukuapia kwamba dagaa wengine wote ni takataka. Mimi leo namsemea asiye na msemaji. Nataka kuisifu shilingi 4,000, ile ruzuku ya mwezi ambayo kaya maskini yenye watoto ilipangiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, katika mpango wa kunusuru kaya maskini, uliozinduliwa mwaka 2012. Viwango vimeguswa baada ya hapo, awamu ya pili ilipozinduliwa Februari 2020, lakini mimi nitabaki na vile vya mwanzo, kwa sababu ndivyo vilivyowafundisha watu hesabu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwanza, elfu nne hii haikuwa na upendeleo. Haikulipwa kwa kichwa cha mtoto, ililipwa kwa kaya. Mwenye mtoto mmoja alipata 4,000, mwenye saba naye alipata 4,000, basi hakukuwa na wa kumwonea mwenzake wivu. Ukiigawa kwa siku thelathini inakuwa shilingi 133. Mama wa Mbuji, huko Mbinga, mwenye saba akiigawa tena, kila mtoto anaangukiwa na shilingi 19 kwa siku. Hapo ndipo hekima inapojitokeza. Sarafu ya shilingi 19 haijawahi kutengenezwa, kwa hiyo mtoto hawezi kuiangusha njiani, hawezi kunyang'anywa na kaka yake, wala hawezi kuipeleka dukani kununulia pipi. Niambieni ni fedha gani nyingine iliyolindwa namna hiyo.

Wenye haraka watasema kuna na nyongeza. Kweli zipo. Kulikuwa na ruzuku ya msingi ya 10,000 kwa kila kaya, bila sharti. Kaya yenye mtoto wa chini ya miaka mitano iliongezewa 4,000, ila apelekwe kliniki. Mwanafunzi wa shule ya msingi aliletewa 2,000, mwisho wanafunzi wanne. Wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, mwisho watatu. Wa kidato cha tano na sita 6,000, mwisho wawili. Na vyovyote utakavyojumlisha, kaya haikuvuka 38,000 kwa mwezi. Nawaomba wasomaji mumtazame mtoto wa tano wa shule ya msingi. Wenzake wanne wanasoma kwa 2,000 kila mmoja. Yeye anatoka na kaka zake alfajiri ileile, anapanda mlima uleule, anachapwa na mvua ileile, bure. Kama Tanzania ina mwanafunzi mmoja anayesoma kwa ajili ya elimu tupu, ni huyo.

Masharti nayo yana uzuri wake. Mahudhurio shuleni yasipungue asilimia 80, na mtoto mchanga afike kliniki kila mwezi. Pakipungua, na ruzuku inapungua. Kwenye tambarare hilo ni jambo la kawaida. Umatengoni, kwenye milima ya Mbinga, ambako zahanati unaweza kuiona kwa macho asubuhi na ukaifikia mchana kwa sababu kati yako nayo kuna bonde, ni jambo la kujenga mapaja. Angalieni pia heshima iliyomshukia mwalimu. Kijana aliyetoka chuoni juzi, nywele zina mitindo, sasa anaulizwa hali ya wazazi wake na kina mama wenye umri wa kumzaa, kwa sababu kalamu yake ndiyo inayojaza fomu ya mahudhurio. Anadhani anapendwa kwa kufundisha sehemu na desimali. Tumwache adhani hivyo.

Lakini sifa kubwa kuliko zote ni jinsi fedha hii inavyopatikana. Zamani umaskini ulikuwa siri ya ndani. Mtu alifunga mlango, akachemsha mboga bila chumvi, akatoka nje akijifuta mdomo kama aliyekula nyama. Mpango umeukomesha unafiki huo. Maskini anaibuliwa na jamii, jina linasomwa kwenye mkutano wa kijiji, majirani wanakubali kwamba naam, huyu hali yake ni mbaya, tunaifahamu. Baada ya hapo anakuja mwezeshaji na dodoso: nyumba imeezekwa kwa nini, sakafu ni ya nini, mnamulika kwa nini, mifugo mingapi, choo cha namna gani. Majibu yanakwenda kwenye kompyuta ambayo haijawahi kufika Mbuji, haijaonja ugali wala maharage ya huko, nayo ndiyo inayopima nani amefikia kiwango. Tangu hapo umaskini wa kuutangaza mwenyewe hautambuliki. Ni lazima uwe na mashahidi na namba.

Na msifikiri ni heshima inayotafutwa na maskini peke yao. Uhakiki wa mwaka 2016 ulikuta kwenye orodha za nchi kaya hewa chungu nzima: walikuwamo waliohama, wenye uwezo, viongozi wa vijiji, na waliokwisha kufariki. Watu walikasirika sana. Mimi nilitafakari upande wa pili. Kahawa, pamoja na mbwembwe zake zote, haijapata kumrudisha marehemu kwenye foleni.

Wajuaji wa Ulaya hudai kwamba posho ya watoto ni uvumbuzi wao. Uingereza ilianza kulipa Agosti 1946, shilingi tano kwa wiki kwa kila mtoto isipokuwa wa kwanza, na mama ndiye aliyekwenda kuichukua posta. Aliyeipigania kwa miaka mingi, na aliyekataa katakata ilipwe kwa baba, ni mbunge Eleanor Rathbone, ambaye alifariki Januari mwaka huohuo bila kuona foleni ya kwanza. Ni habari njema. Ila wakati kina mama wa London wanahesabu shilingi zao, serikali ileile huku Tanganyika ilikuwa ikihesabu nyumba na vichwa vya Wamatengo ili ijue ikusanye kodi kiasi gani. Watu walizoea hivyo, na kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003 tu. Kwa hiyo wazee wengi bado hawawezi kumwona mtu mwenye karatasi na kalamu akiuliza idadi ya watu nyumbani bila kutazama upande msitu ulipo. Kuwashawishi wazee hao wataje wajukuu wote, bila kumficha hata mmoja, ni ushindi ambao hakuna mkuu wa wilaya wa kikoloni aliyeupata.

Umatengoni kwenyewe kulikuwa na mpango mwingine, nao nautaja ili mwone jinsi tulivyoendelea. Uliitwa sengu. Watu wa ukoo mmoja, waliokaa pamoja kwenye ntambo wao, yaani mgongo wao wa mlima, walikula nyumbani kwa mzee. Kina mama walileta chakula kutoka nyumba zao, kikaliwa pamoja, na hapohapo kesi zikaamuliwa na zamu za kulima zikapangwa. Mtoto wa mjane alinawa, akakaa, akala. Ulikuwa mfumo duni kupita kiasi: haukuwa na fomu hata moja. Hakuna aliyejua asilimia ya mahudhurio yake. Wala mtoto wa tano hakujijua kuwa ni wa tano. Sengu ilififia, kila nyumba ikabaki na chungu chake, na nafasi ikapatikana ya kuleta utaratibu.

Utaratibu huo ulikuja pia na ajira za muda, shilingi 2,300 kwa siku, siku zisizozidi 60 kwa mwaka, kazi zikiwa kama kuchimba makinga maji na kutengeneza barabara za kijijini. Hebu fikirini. Kwa vizazi na vizazi watu hawa wamelima ngolo: mwanamume anafyeka majani na kuyapanga miraba, mwanamke anayafukia kwa udongo wa jembe hadi mlima mzima unajaa mashimo ya kunasa maji, na mteremko ambao kwingine ungekuwa korongo wao wanauvuna maharage na mahindi. Wataalamu wamekuja hata kutoka Japani kustaajabia. Kwa kazi hiyo hawakuwahi kulipwa senti. Na sasa, hatimaye, akatokea mtu wa kuwaeleza kwamba udongo ni wa kuhifadhi.

Nitoke kidogo kwenye sherehe. Ruzuku hii kwa sehemu kubwa hupokelewa na wanawake, na nimesikia maelezo mengi ya sera kuhusu jambo hilo, yote mazuri. Maelezo yangu ni mafupi: ni ndogo mno kumnyanyua mwanamume kilabuni. Udogo wake ndio kufuli lake. Ingekuwa laki moja, baba angekumbuka ghafla kwamba yeye ndiye mkuu wa kaya. Kwa kuwa ni elfu chache kila dirisha, yaani kila miezi miwili, na dirisha lenyewe likichelewa ni ukimya mtupu, mama anabaki nayo, na mama akibaki nayo inafanya mambo ya ajabu. Inakuwa madaftari, mche wa sabuni, sare ya yule wa darasa la kwanza. Inakuwa mtetea. Mtetea anaangua, vifaranga wanakwepa mwewe, na baada ya mwaka kuna mbuzi amefungwa nyuma ya jiko. Sijui fedha nyingine iliyotukanwa hivi na bado ikazaa mbuzi.

Na hapo ndipo inapoingia hatari. Mbuzi ana jina kwenye dodoso. Bati lina jina. Sakafu ya saruji ina jina. Mlengwa aliyetumia ruzuku vibaya anabaki mlengwa. Aliyeitumia vizuri anapanda daraja, na siku moja anaambiwa amehitimu. Ni mahafali ya pekee nchini ambayo wahitimu huomba kurudia darasa. Kwa hiyo ukipita Mbuji ukaona bati nane mpya zimelazwa mgombani, zimefunikwa majani makavu, na nyumba iliyo mbele yako imeezekwa nyasi, usiulize ni za nani. Zinangoja mwenye dodoso apite.