Wenye joto lao

Kila ifikapo Novemba nyumba yangu hugeuka bunge, na hoja iliyo mezani ni ileile: tuhame au tubaki. Tunaishi Umeå, kaskazini mwa Uswidi, ambako mwezi Desemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kabla ya saa nane mchana limeshajiondokea, kama karani aliyeajiriwa kwa kujuana. Hata hizo saa chache linapokuwa kazini, mara nyingi limejifungia nyuma ya mawingu na halipokei wageni. Mwaka 2012 kampuni ya umeme ya mji huu ilifunga taa maalumu za tiba ya mwanga kwenye vituo vya basi, ili abiria aote mwanga huku akisubiri usafiri. Mji ulifika mahali ukawagawia wananchi jua la balbu kituoni, halafu kuna mtu ananiuliza kwa nini nafikiria kuhama.

Tuna watoto wawili: binti wa miaka mitano na mdogo wake ambaye hata miwili hajafikisha. Huyu mdogo kila asubuhi hudondoshewa matone matano ya vitamini D kutoka kwenye kichupa, agizo la kliniki kwa watoto wote wa nchi hii hadi watimize miaka miwili. Kwa watoto wa rangi yetu hushauriwa kuendelea hata baada ya hapo. Mimi niliyekulia Temeke, ambako jua lilinichapa bure mchana kutwa bila hata kuliomba, sasa nalinunua kwa tone.

Na kuvaa. Anayedhani kulea ni kulisha na kuogesha hajawahi kumvalisha mtoto nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwanza fulana na suruali za sufu zinazobana mwili, juu yake sweta zito, halafu ovaroli la theluji ambalo mtoto akishaingia humo anasimama mikono imetanuka, hawezi kuinama wala kujikuna. Kisha kofia, kitambaa cha shingo, viatu vyenye manyoya ndani, na mwisho glavu. Glavu ndizo zitakazoniua. Chekechea wanataka kila mtoto awe na jozi za akiba, zote zimeandikwa jina, na wana kabati la umeme la kuzikaushia. Ukifungua lile kabati jioni unapigwa na fukuto lenye harufu ya soksi, mbele yako zimening'inia glavu za watoto wote wa darasa, na za kwako ipo moja. Ya kushoto. Kwa fedha nilizomwaga kwenye glavu za kulia ningekuwa nimeshapiga msingi wa nyumba Kibada, kule Dar.

Gari nalo lina masharti yake. Linatumia petroli, lakini usiku nalichomeka kwenye umeme, maana kuna nguzo ya soketi kwenye maegesho ya kupashia injini joto ili asubuhi ikubali kuwaka. Mke wangu asiponikumbusha nichomeke, kesho yake tunasukuma sote.

Lakini kilichofanya suala hili litoke chumbani kwetu na kuwa la ukoo mzima ni usingizi wa mchana. Huku watoto wadogo hulazwa nje. Ndiyo, nje, ndani ya kigari chao, wamefunikwa mpaka wamebaki pua tu, theluji imetanda kila upande. Wenyeji wanaamini hewa baridi huleta usingizi mzito, na nisiwasingizie, kijana wangu ndani huzinduka hata kijiko kikianguka, ila akiwa nje unaweza kutwanga kisamvu pembeni yake. Sasa siku moja mama alipiga simu ya video kutoka Dar.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

Nikageuza simu kuelekea baraza la nje. Mama akaitazama ile theluji, akakitazama kigari, akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Mmemtoa nje?" akauliza. "Amewakosea nini?"

Tangu hapo mama ndiye mwenyekiti wa kambi ya Tuhame, na kila Ijumaa anatuma ujumbe wa sauti kwa wajumbe.

Mke wangu ni mtu wa Tanga na ni muuguzi, kwa hiyo mambo yake yana mpangilio. Ametengeneza jedwali kwenye kompyuta. Safu ya Tubaki imejaa herufi ndogondogo: likizo ya uzazi siku 480 kwa kila mtoto za kugawana baba na mama, malipo ya karibu asilimia 80 ya mshahara ukibaki nyumbani na mtoto mgonjwa, ada ya chekechea ambayo kwa mtoto wa kwanza haifiki krona 2,000 kwa mwezi, shule bure na chakula cha mchana juu. Safu ya Tuhame ina neno moja, kwa herufi kubwa: JUA.

Neno hilo likapata nguvu alipojitokeza mjomba wake wa Maskati. Mjomba huyu ni katika wale Waomani wenye asili ya Unguja, anaongea Kiswahili cha kwetu kitamu mpaka unasahau kwamba anakutapeli kwenye bao. Akatuma picha ya mtende, akatuma picha ya bahari, akatuma na habari kwamba hospitali moja binafsi inatafuta wauguzi, mshahara haukatwi kodi ya mapato. Huku kwetu theluthi hivi ya mshahara inaondoka kabla hujauona hata sura. "Njooni, wanangu," akasema. "Mtagandia huko kwa jambo gani?"

Nikaanza kuuliza maswali ya mtu mzima. Watoto wanacheza wapi? Wanacheza ndani. Miezi mingapi? Kuanzia Mei hadi Septemba hivi, kwa sababu nje nyuzi zinaweza kupita 40. Wanaenda vipi shule? Kwa gari lenye kiyoyozi, kutoka nyumba yenye kiyoyozi hadi darasa lenye kiyoyozi. Na Oman yenyewe, kuanzia Juni hadi Agosti, sheria inakataza vibarua kufanya kazi juani tangu saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Yaani serikali nzima imekaa, imelitazama hilo jua ambalo mke wangu ameliandika kwa herufi kubwa, na ikalitungia sheria.

Nikamuuliza mjomba: nyinyi likizo mnaenda wapi? Akasema Salalah. Salalah iko kusini kabisa, kama kilomita 1,000 kutoka Maskati, na msimu wa kiangazi hupata ukungu na manyunyu yanayotoka baharini. Familia zinatoka Ghuba nzima, zinaendesha jangwani mchana kutwa, zikifika zinatandika mikeka kwenye majani mabichi na kukaa. Wanafanya nini? Wananyeshewa. Mjomba ana video yake amesimama kwenye manyunyu, kanzu imelowa, anacheka peke yake. Hali ya hewa ile ile ninayoilaani mimi kuanzia Septemba, yeye anaifuata kwa matangi mawili ya mafuta.

Hapo ndipo nilipoanza kuwashuku wenye joto lao wote. Binamu yangu wa Dar, ambaye kila akiona theluji kwenye picha zangu huandika "poleni sana ndugu zetu", nilipofikia kwake mwaka juzi alinilaza chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 18 na akanipa blanketi. Blanketi, Dar, Februari! Nikamwambia punguza, akasema bila hivyo halali. Umeme ulipokatika usiku wa manane tukatoka wote nje na vigodoro, na nilichokisikia kwa binamu yangu dhidi ya joto hakiandikiki gazetini. Mama mwenyewe, mwenyekiti wa Tuhame, Julai usiku wa Dar ukishuka kwenye nyuzi 20 hupiga simu amevaa sweta na kujifunga kanga mbili juu yake, anasema baridi ya mwaka huu haijapata kutokea. Mimi namsikiliza nikiwa na kaptula. Umeå siku hiyo ina nyuzi hizohizo, na majirani zangu wamevua mashati wamelala kwenye majani.

Mke wangu nikimweleza haya anasema natafuta visingizio. Namkumbusha kwao. Wajerumani walipoishika Tanga, watu waliozaliwa kwenye baridi, hawakujipanga ufukweni kushangilia joto. Walikwea Usambara mpaka Lushoto, wakapaita Wilhelmstal, wakajenga huko juu kwenye ubaridi na ukungu. Walikuja kutawala, joto likawatawala wao. Na hata leo Mtanga mwenye nafasi mwezi Februari anapandisha Lushoto, na akifika anavaa koti kwa raha zote.

Kazini nina mwenzangu Mswidi ambaye naye alikuwa na suluhisho: Hispania. Wenzake wengi wakistaafu hukimbilia pwani ya Alicante, na wazazi wake wana nyumba Torrevieja. Nikamwomba aniambie ukweli wa Januari. Akapiga funda la kahawa. Akasema nje ni nyuzi 16 na jua zuri, ila ndani! Nyumba imejengwa kwa ajili ya kiangazi, sakafu ya vigae, kuta hazishiki joto, hita moja ya gesi inahamishwa chumba kwa chumba. Wazazi wake wanavaa soksi mbili kitandani. Nyumba yangu hapa Umeå, nje kukiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, ndani ni 21 na wanangu wanakimbia na chupi. Sijawahi kupata baridi ya nyumbani tangu nihamie kwenye baridi.

Kwa hiyo hesabu yangu ni fupi: huku tunanunua joto, kule wananunua baridi, na bili inakuja pande zote mbili.

Mke wangu hakubali kirahisi, na ana haki. Anachokililia si kipimajoto. Anataka mlango unaoshinda wazi, mtoto atoke bila kuvalishwa robo saa, jirani aingie bila kuandikiana ujumbe wiki mbili kabla. Hilo sina jibu lake. Nilichonacho ni makaratasi. Sote wawili bado tuna pasipoti za Tanzania, na nchi yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo hapa tunaishi kwa kibali cha ukaazi wa kudumu. Kudumu kwenyewe kuna masharti: ukihama nchi kinaweza kufutwa. Na cha Oman kimefungwa kwa mwajiri, siku kazi ikiisha na kibali kinaaga, familia nzima inakunja virago. Hatuwezi kwenda kulionja joto, tukalitema, tukarudi. Binti naye mwaka anaotimiza sita lazima aanze darasa la maandalizi, ni sheria tangu 2018, na mtoto akishashika marafiki wa shule, kumng'oa ni kesi nyingine.

Mhusika mwenyewe tulimwuliza. Tulimkalisha kitako, tukamwonyesha picha za Maskati, ngamia, bahari, mjomba. Akauliza swali moja: theluji yao iko wapi? Tukamwambia hakuna. Akauliza sasa wanateleza kwenye nini. Mama yake akamkumbusha Tanga, dafu la bibi, mchanga wa Raskazone. Binti akasema Tanga anaikumbuka. Anaikumbuka harara. Na kweli, tulipokwenda, wiki ya kwanza shingo yote ilimtapakaa vipele vya joto, tukampaka poda akawa mweupe kama andazi la sukari, na muda mwingi alioutumia pwani ya Afrika Mashariki aliutumia amekaa kifua wazi mbele ya feni ya bibi, anaiimbia ili sauti itetemeke.

Tatizo jingine la mjadala huu ni kwamba una msimu. Novemba tuna hamasa, Januari tunatafuta nauli, Machi jua linarudi na Waswidi wanatoka kuegemea kuta zilizoelekea kusini, macho wameyafumba, wanaota. Siku moja nilimkuta mke wangu ameegemea nao, koti ameliweka pembeni. "Leo joto," akaniambia. Ilikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri. Ikifika Juni ndiyo basi kabisa, saa nne usiku kweupe, watoto wako uwanjani, stroberi ziko sokoni, na ukitaja Maskati unaonekana mchawi. Mwezi huo ndio mwezi mzuri wa kuhama kabla shule hazijaanza, na ndio mwezi ambao hakuna mtu nyumbani kwangu anayetaka kusikia habari hiyo.

Wiki iliyopita mjomba ameandika tena. Nilifungua ujumbe nikitegemea mtende. Anasema hospitali ile bado inasubiri jibu, tusicheleweshe. Halafu anasema, kwa kuwa Julai huko kwao hakukaliki, na watoto wamechoka kufungiwa ndani, wameona mwaka huu waache Salalah wajaribu Uswidi, kwetu. Watakuwa yeye, mkewe na watoto wanne, wiki tatu hivi, hawana makuu, watalala popote. Ila anataka kujua jambo moja kabla hawajaomba viza: hiyo nyumba yetu ina AC?

Mke wangu ameusoma mara mbili. Kisha amefungua jedwali lake, akaongeza mstari mpya chini kabisa: magodoro sita.