Kufuli la Nje

Siku kaka yangu alipotoka Ukonga, Novemba 2019, nilipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, nikatandika shuka mpya kitandani kwake, nikawavisha watoto nguo za sikukuu. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wote wamelala, nilikuwa nimefanya jambo jingine. Grili yetu ya mbele ina funguo tatu: mmoja wangu, mmoja wa baba watoto, na wa tatu hutundikwa kwenye msumari nyuma ya friji kwa yeyote atakayeuhitaji. Niliutoa msumarini, nikauzamisha kwenye ndoo ya mchele. Hakuna aliyenituma.

Kaka alihukumiwa mvua tisa kwa kuvunja kufuli la duka la watu usiku na kuiba. Hakusingiziwa. Mwenye duka alikuwa na watoto wa kusomesha, na kaka hulitaja hilo mwenyewe kabla hujamwuliza. Sheria humpunguzia mfungwa mwenye mwenendo mzuri theluthi ya kifungo, kwa hiyo katika miaka tisa akatumikia sita. Alitoka na mfuko mmoja, barua ya kuachiliwa, na ufundi wa useremala aliojifunzia humo humo, maana Ukonga wana karakana ya samani.

Kwenye daladala, tulipofika Tazara na kuona magari yakipita juu ya magari mengine, alinishika mkono. Daraja la Mfugale lilikuwa limefunguliwa mwaka mmoja kabla. Tazara aliyoiacha yeye ilikuwa ya foleni na trafiki wa kupuliza filimbi. Hakusema kitu hadi Mbagala.

Asubuhi ya kwanza saa tatu ikafika hajatoka chumbani. Nikamwachia apumzike. Saa nne mwanangu mdogo akaja mbio: "Mama, mjomba amekaa tu." Nikaenda. Kaka alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshavaa, mikono magotini, shuka limekunjwa pembe nne kama daftari. Mlango wa chumba kile hauna hata kitasa. Ulikuwa wazi nusu.

"Kaka, mbona hujatoka ukanywa chai?"

"Nilikuwa nasubiri kufunguliwa," akasema, kisha akauangalia mlango, akainamisha macho.

Ndivyo tulivyoanza. Ikifika saa kumi jioni, jua bado kali na watoto wanacheza, yeye aliinuka taratibu akaingia chumbani, kwa sababu ule ndio wakati wa kuhesabiwa na kufungiwa. Alilala ubavu mmoja pembezoni mwa kitanda cha futi tano. Gerezani ulalaji huo huitwa mchongoma: mnapangwa ubavu kwa ubavu, na akitaka mmoja kugeuka, mnageuka wote. Sasa alikuwa peke yake, na bado akitaka kugeuka aliamka kwanza.

Nikimtuma dukani, alirudi na habari. Siku moja alimwomba muuza duka amwekee unga kwenye rambo. Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka kumwangalia, maana mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku tangu Juni 1 mwaka ule, na hata mtoto wa chekechea alilijua hilo. "Nimetoka safari," akawaambia. Alirudi na unga ameukumbatia kifuani, shati jeupe tupu, akaniomba msamaha mara tatu kwa jambo ambalo halikuwa kosa.

Laini ya simu nayo ikatushinda. Usajili ulikuwa wa alama za vidole, na alama za vidole zinataka namba ya NIDA. Namba ya NIDA inataka viambatanisho na barua ya serikali ya mtaa, na barua inatolewa kwa mkazi anayejulikana. Kaka alijulikana kwa jambo moja tu. Bila laini hana pa kutumiwa hata elfu tano ya kibarua, wala hana namba ya kumwachia fundi amwite kazi ikitokea. Kila siku nilisema tutaenda ofisi ya mtaa kesho. Ukweli ni kwamba niliona haya kusimama pale mbele ya watu na kusema huyu ni wangu.

Tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, tulikuwa tunakula mchana redio ikatangaza kwamba Rais Magufuli amewasamehe wafungwa 5,533. Baba watoto akapiga makofi. Kaka aliacha kutafuna.

"Wote hao," akauliza, "wanakwenda kwa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi niliinuka nikaenda kuongeza mboga ambayo hakuna aliyeiomba.

Siku chache baadaye tulikuwa na sendofu ya binamu yetu, Tabata. Kaka akasema atabaki. Hakuwa na nguo ya sherehe, na watu wangekuwa na maswali. Tukatoka saa tisa alasiri, mimi nikiwa wa mwisho. Nilivuta grili, nikapachika kufuli kwa nje, nikalibana hadi likalia. Ni kwa ajili ya vibaka, nikajisemea moyoni, ingawa hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Mvua ilianza magharibi. Wanaoishi bondeni wanaijua mvua ile: haipigi bati, inalikung'uta, na mtaro ukishajaa taka maji huja mlangoni. Daladala zikakwama. Tulifika nyumbani saa tano usiku, viatu mkononi, umeme umekatika, maji barazani yakitufika magotini.

Nikamulika kwa tochi ya simu kupitia nondo za grili. Kaka alikuwa amekaa juu ya meza ya chakula, miguu ameikunja, sare ya shule ya mdogo ameipakata. Magodoro yalikuwa juu ya makochi. Redio, kiroba cha sembe na ndoo ya mchele vilikuwa juu ya kabati. Madaftari yote yalikuwa yamefungwa kwenye kitenge changu. Viatu vya shule alivifunga kamba pamoja, akavitundika kwenye msumari ule nyuma ya friji. Barua yake ya kuachiliwa ilikuwa ndani ya shati.

"Kaka, mbona hukutoka?"

"Mmefunga."

Pembeni yake ilikuwepo nyundo. Nikaimulika. Kufuli lenyewe dogo, pigo moja lingetosha. Aliona ninachowaza.

"Dada, mimi nilifungwa kwa kuvunja kufuli. Wakinisikia nagonga chuma usiku, nitaeleza nini, na nani atanisikiliza?"

Alikuwa ameita. Mama wa nyumba ya pili aliniambia kesho yake kwamba alimsikia mara mbili, akaogopa kutoka. Sikuweza kumlaumu, maana mimi ndiye niliyemfundisha kuogopa. Siku ile kaka anakuja, nilimwita pembeni nikamwambia ajihadhari na vitu vyake vya uani.

Nilishindwa kuingiza ufunguo kwenye tundu, mkono unatetemeka. Baba watoto akaninyang'anya, akafungua. Nikaingia moja kwa moja hadi kabatini, nikashusha ndoo ya mchele, nikazamisha mkono hadi kiwiko mbele ya kaka na mbele ya watoto, nikautoa ule ufunguo wa tatu. Punje zilikuwa zimenasa kwenye meno yake.

"Kumbe ulikuwa hapa," akasema mwanangu mkubwa.

"Nilishauona," kaka akasema. "Siku ile uliponiambia nichague mchele."

Aliuona, akaurudisha pale pale, akaufukia. Usiku ule wa mafuriko angeweza kupitisha mkono kwenye nondo akafungua kufuli akatoka. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia: "Ulikuwa umeuficha. Kitu kilichofichwa si changu mpaka nipewe."

Nikampa. Sikuwa na hotuba. Nilifuta unga wa mchele kwa khanga nikamwekea kiganjani, na maji bado yako magotini.

Kulipokucha tulichota maji hadi adhuhuri. Mlango wa mbao ulikuwa umevimba, haufungi. Kaka akaung'oa kwenye bawaba, akaulaza juu ya matofali, akauacha ukauke siku nne, kisha akaupiga randa. Maranda yalikuwa yanajikunja membamba kama ganda la kitunguu, na watoto wa mtaa wakawa wanayaokota. Fundi mmoja wa barabarani alisimama kutazama, akauliza ni nani aliyemfundisha. Kaka alisita. Mimi nikajibu kwa sauti: "Amejifunzia Ukonga. Ni kaka yangu." Yule fundi aliukagua ukingo wa mlango kwa kidole gumba, akamwambia Jumatatu aje.

Jumatatu hiyo hiyo asubuhi tulipitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alipoinua kichwa, kaka alichuchumaa sakafuni, mikono juu ya magoti, akasema, "Shikamoo, afande." Ofisi ikanyamaza. Mwenyekiti alitoka nyuma ya meza, akavuta kiti, akakipangusa kwa mkono. "Kaa hapa, ndugu yangu. Hapa hatuna afande." Tulitoka na barua yenye muhuri. Januari 20, laini zisizosajiliwa kwa vidole zilipoanza kuzimwa, kaka bado alikuwa anapanga foleni ya namba. Alipoipata na kusajili laini, mtu wa kwanza kumpigia alikuwa mimi, nikiwa jikoni, yeye yuko barazani.

Tangu hapo nalifikiria swali lake la siku ya Uhuru. Serikali hufungua lango na kumwacha mtu barabarani na barua yake. Yanayobaki ni ya kwetu: nani atampa ufunguo, nani atasimama naye ofisini, nani atasema jina lake kwa sauti fundi akiuliza. Wengi wa wale 5,533 walikwenda kwenye nyumba kama yangu, na katika nyumba kama yangu ufunguo huwa umefichwa kabla mgeni hajabisha hodi. Nawaomba wenzangu wenye ndugu wanaokaribia kutoka: anzieni kwenye ufunguo, na wali upikwe baadaye.

Kaka naye hakuutumia upesi. Siku zilizobaki za Desemba na Januari yote alirudi jioni kutoka kazini, ufunguo uko mfukoni, akagonga. Nami nilimjibu kutoka ndani, "Fungua, kaka, unao." Alisubiri hadi nimfungulie.

Ilikuwa Februari, usiku umekwenda, nimeshalala. Nikasikia hatua barazani. Nikasubiri hodi, haikuja. Kukawa kimya kirefu, kisha chuma kikagusa chuma, kufuli likaachia, grili ikalia kwenye bawaba zake. Akafunga nyuma yake kwa ndani. Baba watoto akashtuka, akauliza ni nani.

"Mwenye nyumba," nikamwambia, nikageukia upande wa pili nikalala.