Jinsi ya Kuteka Kijiwe cha Bodaboda

Ukitaka kampeni ya programu ya usafiri ife kabla ya saa nne asubuhi, funga tenti kijiweni Mwenge saa moja kamili, kisha fungulia spika. Muda huo abiria wa kazini wanapigana vikumbo, na dereva anayesaka hesabu ya bosi hana nafasi ya kucheza muziki wako. Njoo saa tano, kijiwe kikipoa. Uje na maji ya baridi.

Halafu fulana. Wageni wa kazi hii huagiza nyeupe, saizi moja kwa wote. Nyeupe, kwa vumbi la Dar! Kabla ya Ijumaa itakuwa inafuta mnyororo wa pikipiki. Kwa fedha hiyo nunua kofia ngumu, tena za abiria, na kabla hujazipokea vaa moja, funga kamba ya kidevuni, uivute kwa nguvu. Mimi niliwahi kuvuta, kifungo kikabaki mkononi. Shehena nzima ilishapigwa nembo, na MC yuko pembeni anafanya mazoezi ya kutamka "usalama kwanza". Nilikataa isigawiwe hata moja. Ongeza na vitambaa vya kichwa vya kuvaa ndani ya kofia, maana dada aliyetoka kusuka jana hataingiza kichwa kwenye jasho la watu kumi, na ana haki.

Swali litakuja tu: "Kaka, mnakata ngapi?" Hapo ndipo MC wengi hupandisha muziki. Usimruhusu. Kamisheni ndiyo chakula cha watu: mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipoweka ukomo wa 15%, Uber ilisimamisha huduma Dar es Salaam kwa miezi kadhaa. Jibu kwa tarakimu za safari moja ya kweli, Mwenge hadi Ubungo: abiria kalipa ngapi, kampuni imechukua ngapi, dereva kabaki na ngapi baada ya mafuta. Namba ikikutia aibu, rudi ofisini ukaipiganie kwanza.

Kwenye ripoti, picha za watu wakiruka hazitoshi. Rudi baada ya wiki mbili, bila kamera, umuulize mwenyekiti wa kijiwe ni wangapi bado wanaiwasha programu. Na wale uliowatoa barabarani waje kupiga picha na bosi wako, uwalipe safari walizokosa, siku ileile, kabla tenti haijang'olewa.