Bwawa la Bahari, Kando ya Bahari

Mjomba, salamu kwa wote wa kwetu Raskazone, na hasa wale wasiotoka barazani mpaka waitwe kula.

Mpwao ni mzima, ila baridi ndiyo inayomla. Hapa Penzance, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza, watu wameizungushia bahari ukuta, wakaiita bwawa, kisha wakaweka mlango na mkata tiketi. Bahari yenyewe iko nyuma ya ukuta, bure, na maji ni yaleyale ya chumvi. Nimelipa, mjomba. Usimwambie mama.

Bwawa lenyewe ni Jubilee Pool, la mwaka 1935, Mfalme George V alipotimiza miaka 25 kwenye kiti. Lina pembe tatu, na moja imeelekezwa baharini ipasue mawimbi. Ikayapasua karibu miaka 80. Februari 2014 ikapiga tufani iliyofumua sakafu na kubomoa kuta. Sisi tungesema Mungu keshaamua, twendeni ufukweni. Hawa wakahangaikia fedha, wakajenga, na 2016 likafunguliwa tena.

Hawakutosheka. Watu wa mji wakanunua hisa, bwawa likawa lao, kikachimbwa kisima cha mita 410. Si cha maji ya kunywa, la: cha kutafuta joto la ardhini! Tangu 2020 kipande kimoja cha bwawa kina maji ya nyuzi 30 hadi 35. Yaani wametoboa ardhi yote hiyo kutafuta maji unayosimama ndani yake kila siku ukishusha ngalawa, na hujawahi kumshukuru mtu.

Mimi nilikimbilia huko kwenye maji ya moto. Upande wa pili, wa baridi, ajuza mmoja mwenye kofia ya sufu akashuka ngazi taratibu, maji yakampanda magotini, kiunoni, shingoni, uso haukukunjika hata kidogo. Akaogelea mpaka nilipo, akanitazama kwa huruma, akauliza kama naumwa.

Nacheka, lakini hawa watu nawavulia kofia. Kitu cha babu zao kilivunjika, wakakitengeneza, na jioni kinajaa watoto wa shule. Wangapi kwetu wangekigeuza maegesho?

Mkipata msafiri, mpeni vikoi viwili. Mataulo ya huku hayakauki.